Dalali wa Kazi na Fundi: Funzo Kutoka Nchi ya Chai

Tumeletewa suala na baadhi ya ndugu zetu mafundi wa hapa pwani, nasi tumeona halistahili kujibiwa kwa maneno mawili matatu mlangoni baada ya darasa. Wamesema: Mtu hutupigia simu akajitaja kuwa ni wakala, akasema anayo kazi ya kampuni ya chai huko Kericho au Bomet, ya kupaka rangi nyumba za wafanyakazi, au kutengeneza umeme wa kiwanda, au kubeba majani kwa lori. Hutaka kwanza apewe kitu cha kuandikisha majina. Je, yafaa kumpa? Na lau atatupeleka, tukaifanya kazi, kisha ujira usionekane, tumdai yeye au tuidai kampuni?

Suala la pili ndilo zito, na wengi hawaliulizi mpaka wamekwisha kudhulumiwa. Lakini hatuwezi kulijibu ila tueleze kwanza jinsi kazi za nchi hiyo zinavyopatikana.

Watu wa Mombasa chai ya Kericho hawaijui kwa kuinywa tu. Mnada wa chai ulianzishwa Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969, na tangu hapo majani ya nyanda za juu huteremka mpaka mabohari yetu yakangoja meli. Ila sisi huiona chai imekwisha kukaushwa na kufungwa. Mikono iliyoichuma hatuioni, wala hatumwoni yule mtu aliyesimama baina ya mikono hiyo na mwenye shamba. Na huyo ndiye tunayemzungumza leo.

Mtu huyo si mgeni katika nchi hiyo. Mashamba makubwa ya Kericho yalifunguliwa katika miaka ya 1920 na makampuni ya Kiingereza, Brooke Bond na James Finlay, juu ya ardhi ambayo Wakipsigis na Watalai wanaililia hata leo. Mashamba yalitaka watu wengi, na watu hawakwenda kwa kupenda. Basi wakatumika watafutaji wa vibarua, waliozunguka vijijini wakikusanya vijana, na wengi wao wakilipwa kwa kichwa. Aliyekwisha kutia alama yake katika karatasi alifungwa kwa kipande, na akitoroka kazi alikuwa mkosa mbele ya serikali. Angalia vizuri hapa: mtafutaji yule hakuwa na khasara yoyote ikiwa kazi ni mbaya au ujira ni mdogo. Yeye alikwisha kupata chake siku ile alipokabidhi vichwa. Kipande kiliondolewa mwaka 1947, lakini biashara ya vichwa haikuondoka pamoja nacho.

Leo sura imebadilika. Mashamba na viwanda vingi hupenda kutoa baadhi ya kazi kwa wakandarasi: kupalilia, kukata kuni za viwandani, ujenzi, ulinzi, usafirishaji, na mara nyingine hata kuchuma. Kampuni huandikiana na mkandarasi, naye hutafuta watu wake. Jambo hili kwa asili yake si haramu wala si kosa, na wako wakandarasi waaminifu wanaolipa kwa wakati. Ubaya huingia pale ambapo mfanyaji kazi hajui amefungamana na nani. Akidai ujira, kampuni humwambia, "Wewe si mtu wetu." Akimwendea mkandarasi, humwambia, "Kampuni haijanilipa." Basi yeye hubaki baina ya milango miwili, na yote imefungwa.

Na uchache wa kazi umemzidishia dalali nguvu. Mashine za kuchumia majani zimechukua nafasi za watu wengi, na hasira zake zilionekana Mei 2023, mashine zilipochomwa moto huko Kericho. Mahali ambapo watu mia wanagombea nafasi kumi, yule anayeandika majina huwa mfalme mdogo.

Ufalme huo umefika wapi, dunia ilionyeshwa Februari mwaka huo huo wa 2023. Shirika la utangazaji la BBC lilitoa filamu ya uchunguzi uliofanywa katika mashamba ya Kericho yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na Unilever na James Finlay. Wanawake zaidi ya 70 walieleza kwamba walidhulumiwa na wasimamizi wao, wakitakwa miili yao ili wapate kazi au wabaki kazini. Mwandishi mmoja mwanamke alijifanya mtafuta kazi, na mkandarasi aliyekuwa akitafutia moja ya mashamba hayo watu akamwita kwa mahojiano katika chumba cha hoteli, kisha akamtaka. Kampuni ilisema imemsimamisha mkandarasi huyo, na Bunge likaagiza uchunguzi. Lililotusikitisha zaidi ni kwamba malalamiko ya namna hii yalikwisha kusikika zaidi ya miaka kumi kabla, na makampuni yakatoa ahadi.

Tumeileta khabari hii katika suala la mafundi kwa sababu watu hudhani kwamba kitu cha kuandikisha majina ni shilingi mia tano au elfu, na kwamba mwenye kuitoa amepoteza shilingi tu. Sivyo. Anayezoea kwamba nafasi ya kazi hununuliwa kwa aliyekaa mlangoni, amekwisha kumpa huyo wa mlangoni haki ya kutaja bei. Leo bei ni shilingi, na kesho kwa dada yake fundi bei ni nyingine. Mwanamume anayelipa na kunyamaza asidhani kwamba hayumo.

Basi tuje kwenye jawabu la suala la kwanza. Udalali ni kazi kama kazi nyingine, na dalali anayo haki ya ujira wake, kwa sharti kwamba ujira ujulikane, na kitu alichokifanya kiwe kipo. Ama kumpa mtu fedha ili "jina liingie", bila kujua kama kazi ipo, ni ya nani, itaanza lini, wala itakuwaje kazi isipopatikana, hiyo ni biashara ya ghururi, sawa na kununua samaki aliye baharini. Na sheria ya Kenya nayo imemtaka wakala wa kazi asajiliwe. Halmashauri ya Taifa ya Ajira iliwekwa kwa sheria ya mwaka 2016, na kwake huulizwa ni mawakala gani waliosajiliwa. Anayekataa kutaja namba ya usajili wake amejijibia mwenyewe. Vile vile yule asemaye fedha ni za kampuni, lakini hutaka zitumwe kwa simu yake mwenyewe, na jina linalotokea siyo la kampuni.

Lakini usajili peke yake usikulevye. Jirani zao wa Kericho, watu wa Uasin Gishu, walilipa fedha kwa mpango wa kuwapeleka watoto wao kusoma Finland na Canada, mpango uliopita katika mikono ya serikali ya kaunti yenyewe, na mwaka 2023 wazazi waliandamana Eldoret wakidai fedha zao. Muhuri ni muhuri, na uchunguzi ni uchunguzi.

Sasa suala la pili. Wanazuoni wa fiqhi waligawa wafanyaji kazi mafungu mawili, na mgawanyo huo wafaa sana hapa. Kuna ajiri wa mtu mmoja, aliyeuza wakati wake, ambaye hustahiki ujira kwa kuhudhuria kazini hata kama siku hiyo hakupewa la kufanya. Na kuna ajiri wa watu wengi, kama mshoni na mchomeleaji, aliyeuza kazi yenyewe, na ambaye hustahiki ujira kwa kuimaliza. Sheria za nchi nazo zimefuata njia iliyo karibu na hiyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humlinda mwajiriwa: yataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, yataka ujira alipwe mwenyewe, na kibarua akidumu kazini mfululizo zaidi ya mwezi, hali yake hubadilika na hupata haki zaidi. Tena mwajiri asipoonyesha maandishi aliyopaswa kuyaweka, mzigo wa kuthibitisha huwa juu yake. Ama fundi wa kujitegemea, anayekuja na zana zake, akafanya kazi kwa bei ya jumla na kuondoka, hayumo katika kivuli cha sheria hiyo. Kivuli chake ni karatasi yake mwenyewe. Kama hana karatasi, yuko juani.

Na karatasi humfunga aliyetia sahihi, haimfungi mwingine. Fundi akiandikiana na dalali kwa jina la dalali, basi mdaiwa wake ni dalali, na kampuni haina deni kwake hata kama rangi aliyoipaka inaonekana ukutani. Akiandikiana na kampuni, na dalali akawa mjumbe tu, mdaiwa ni kampuni. Na kama dalali amesema, "Mimi ni wakili wa kampuni," basi neno hilo linataka kuthibitishwa na kampuni yenyewe kabla ya kupanda basi. Ama udhuru wa "kampuni haijanilipa", huo haufuti deni la aliyekuajiri, isipokuwa mliafikiana tangu mwanzo kwamba utalipwa atakapolipwa. Wapo madalali wanaolitia sharti hilo kwa maandishi madogo chini ya ukurasa. Soma mpaka chini.

Namna ya kuthibitisha ni nyepesi, lakini ina taabu ya kwenda. Nenda, au mtume mtu unayemwamini, mpaka ofisi ya shamba au ya kiwanda. Usiipigie kampuni kwa namba uliyopewa na dalali, kwani atakayeitika huenda akawa ndugu yake. Uliza kama kazi hiyo ipo, nani amepewa, na kwa hati gani. Na katika nchi hii ya chai uangalie majina kwa macho mawili, maana wenyewe wamebadilika upesi. Unilever iliuza biashara yake ya chai mwaka 2022. James Finlay ikauza mashamba yake ya Kenya kwa Browns ya Sri Lanka mwaka 2023, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba wale waliochukua ya Unilever nao wanayauza mashamba yao kwa Browns hao hao. Ubao wa langoni hubadilishwa, na dalali hubaki pale pale na karatasi zake za zamani. Barua ya kazi yenye jina la kampuni iliyokwisha kuuza na kuondoka ni barua ya kutiliwa shaka.

Tena isidhaniwe kwamba kila kiwanda cha huko ni cha makampuni ya kigeni. Viwanda kama Kapkoros, Tirgaga na Mogogosiek upande wa Bomet, au Momul na Litein upande wa Kericho, ni vya wakulima wadogo chini ya usimamizi wa KTDA, na vina wakurugenzi waliochaguliwa na wakulima. Dalali asemaye "namjua mkubwa wa kiwanda" huko, hutaja jina ambalo kila mkulima wa kijiji analijua. Waulizwe wakulima.

Kutoka Mombasa mpaka Kericho ni zaidi ya kilomita 700, na dalali mwovu huuhesabu umbali huo. Fundi akifika bila nauli ya kurudi, kwenye baridi asiyoizoea, hana jamaa, hukubali nusu ya bei aliyoahidiwa, kisha robo. Basi nauli ya kurudi iwe mfukoni kabla ya safari. Kitambulisho asili kisitoke mkononi mwako, mpe nakala. Sehemu ya ujira ilipwe kabla ya kuanza, na nyingine kila sehemu ya kazi inapokwisha, wala usingoje zote mwisho. Ujumbe wa simu uliotaja bei usiufute. Ama binti au mke aitwaye mahojiano katika nyumba ya wageni au hotelini, asiende. Kazi ya halali ina ofisi, na ina mchana. Na lililomfika yeyote mahali kama hapo ni kosa la jinai kwa aliyelitenda, huripotiwa polisi, wala si aibu ya aliyetendewa. Tunalirudia hili kwa wazee wa nyumba zetu, maana sisi wa pwani ni wepesi wa kumfungia binti mlango na kumwacha mwovu akipita barabarani.

Na aliyekwisha kudhulumiwa, mlango gani ataugonga? Kibarua aliyeajiriwa aende kwa ofisa wa kazi wa serikali, na baada yake iko mahakama ya ajira. Fundi wa kujitegemea anayo Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka 2021, kisha ikafunguliwa na mahali pengine, Mombasa ikiwamo. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria imeitaka imalize shauri ndani ya siku 60. Mdai aweza kujisemea mwenyewe bila wakili. Atakachotakiwa kukionyesha ni makubaliano, alama ya malipo yoyote yaliyopita baina yao, picha za kazi iliyokwisha, na jina la kweli la mdaiwa pamoja na mahali anapopatikana. Hilo la mwisho ndilo linalowashinda wengi, kwani wamefanya kazi miezi miwili kwa mtu ambaye hawamjui ila kwa jina la utani na namba ya simu iliyokwisha kuzimwa.