Maziwa Matatu Yaliyofanywa Moja

Katika shule moja ya misheni palikuwa na mwalimu aliyefundisha Historia na Jiografia katika Darasa la 5. Siku moja hakufungua kitabu. Alichora nyumba ya shule katikati ya ubao, kisha akawasimamisha watoto watatu watokao vijiji mbalimbali, akawauliza, "Mjapo shuleni asubuhi, mwavuka nini njiani?"

Wa kwanza, atokaye kaskazini, akajibu, "Twavuka mto, Mwalimu." Wa pili, atokaye mashariki, akajibu, "Nasi twavuka mto." Wa tatu, atokaye kusini, akasema, "Nasi vilevile twavuka mto, nao una daraja la gogo."

Mwalimu akampa chaki mvulana mmoja aliyesifiwa kwa kuchora. Yule mvulana akatia alama tatu, kaskazini, mashariki na kusini, akaziunganisha kwa mstari mmoja mzuri, hata mto ukaizunguka shule kama nyoka. Darasa zima wakapendezwa. Lakini msichana mmoja mdogo aliyeketi nyuma akanyosha mkono, akasema, "Mwalimu, maji ya kusini ni mekundu siku zote, na maji ya kaskazini ni meupe. Yawezaje kuwa mto mmoja?"

Wenzake wakamcheka. Mwalimu hakucheka. Akauliza, "Nani kati yenu amepata kuufuata mto huu kwa miguu, toka alama ya kwanza hata ya tatu?" Wote wakanyamaza. "Basi," akasema, "alama hizi tatu ni kweli, maana watoto watatu wameyaona maji kwa macho yao. Na mstari huu, ni nani aliyeuona?" Hapakuwa na mtu wa kujibu. Ndipo mwalimu akawasimulia habari ifuatayo.

Habari za Rabai na Tanga

Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wamisionari wawili Wadachi, Johannes Rebmann na Jakob Erhardt, walikuwa wakifanya kazi katika misheni ya Rabai, karibu na Mombasa. Walitaka kujua habari za nchi za bara, lakini wao wenyewe hawakupata kwenda mbali sana. Kwa hiyo waliwauliza watu wa misafara. Katika mwaka wa 1854 Erhardt alikaa miezi kadhaa Tanga, akiwahoji wafanya biashara waliorudi kutoka bara.

Watu wa misafara walikuwa na njia zao. Waliotoka Kilwa, wakashika njia ya magharibi, walisema kwamba mwisho wa safari ni maji makubwa. Waliotoka Bagamoyo, wakapita Ugogo na Unyamwezi hata Ujiji, walisema vilevile. Na habari za njia ya kaskazini, ipitayo katika nchi ya Wamasai, zilieleza kwamba huko nako mbele kuna maji makubwa yasiyoonekana ng'ambo yake.

Tena majina yenyewe yalifanana. Watu wa kusini husema nyasa au nyanja, na watu wa kaskazini husema nyanza. Maneno haya ni ndugu, na kila moja maana yake ni maji makubwa.

Rebmann na Erhardt wakafikiri: Ikiwa kila msafara, hata ukitoka wapi, unafika majini, bila shaka maji hayo ni mamoja. Wakachora ramani yenye ziwa moja kubwa mno, lililoanza karibu na Ikweta, likashuka kusini mbali sana, na kichwa chake kimepinda. Ramani hiyo ilipigwa chapa Ulaya katika miaka ya 1855 na 1856. Wataalamu wa London walipoliona ziwa hilo walistaajabu, na wengine wakasema kwamba lafanana na konokono.

Je, wafanya biashara walisema uwongo? Hasha! Kila mmoja alisema kweli juu ya maji aliyoyaona. Kosa halikuwa katika ushuhuda, bali katika kuunganisha. Palitiwa mstari mahali ambapo hapana mtu aliyepita.

Ramani yafunguliwa Unyanyembe

Hata hivyo ramani ile ilileta faida. Kwa sababu yake, Chama cha Jiografia cha London kilituma watu kwenda kutazama. Waliotumwa ni Richard Burton na John Speke. Katika mwaka wa 1857 walishika njia ya misafara kutoka pwani, wakafuatana na wapagazi wengi. Pamoja nao alikuwako Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utumwani utotoni, akapelekwa Bara Hindi, kisha akapata uhuru wake. Speke alisema naye kwa Kihindustani, naye Bombay akasema na watu kwa Kiswahili.

Mwezi wa Novemba 1857 walifika Kazeh katika Unyanyembe, karibu na mahali ulipo mji wa Tabora. Huko walipokewa kwa ukarimu na Mwarabu mmoja wa Oman, Sheikh Snay bin Amir, aliyefanya biashara miaka mingi katika nchi za bara. Speke akamfungulia ramani ya wamisionari, akamwuliza Nyasa iko wapi. Sheikh akamjibu kwamba Nyasa ni ziwa jingine, liko kusini, wala si ziwa la Ujiji. Na Ukerewe je? Akajibu kwamba hilo nalo ni ziwa jingine, liko kaskazini, nalo ni kubwa kuliko la Ujiji. Basi ikajulikana kwamba maziwa matatu yamefanywa moja. Jambo lililowashinda wataalamu wa Ulaya lilifumbuliwa kwa kumwuliza mtu mmoja aliyezijua njia.

Lakini kusikia hakukutosha, ilipasa kwenda kuona. Mwezi wa Februari 1858 walifika Ujiji, wakaona Ziwa Tanganyika, ambalo wenyeji wake walikuwa wakilivuka kwa mitumbwi tangu zamani. Kisha wakarudi Kazeh. Burton alikuwa mgonjwa akabaki, naye Speke akaenda kaskazini pamoja na Bombay. Tarehe 3 Agosti 1858 akaliona lile ziwa la Ukerewe, akaliita Viktoria. Na ziwa la tatu, Nyasa, David Livingstone alilifikia katika mwaka wa 1859, akitokea kusini.

Maji hayana kilima

Jiografia nayo ina ushahidi wake. Maji yaliyotulia hulala sawasawa, wala hayawezi kuwa juu upande mmoja na chini upande mwingine. Speke alikuwa na kipima-joto. Alichemsha maji na kutazama joto lake, maana kadiri mtu apandavyo juu, maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Kwa njia hiyo alitambua kwamba Viktoria liko juu sana kupita Tanganyika.

Siku hizi vipimo vimehakikishwa. Viktoria liko zaidi ya futi 3,700 juu ya bahari, Tanganyika zaidi ya futi 2,500, na Nyasa zaidi ya futi 1,500. Kama yangekuwa ziwa moja, maji ya Viktoria yangaliporomoka kusini, yakazifunika nchi nyingi.

Kosa lageuka

Baada ya hayo lilitokea jambo la ajabu. Speke alisema kwamba Viktoria ni chemchemi ya mto Naili, na mwaka wa 1862 aliuona mto huo ukitoka ziwani mahali panapoitwa Jinja. Walakini hakulizunguka ziwa lote. Kwa hiyo Burton na wengine walibisha, wakasema kwamba labda si ziwa moja, bali ni maziwa kadhaa. Hapo kwanza watu waliunganisha maji yasiyoungana, sasa wengine wakayatenga maji yaliyo mamoja.

Mabishano hayo hayakukatwa kwa maneno. Yalikatwa kwa makasia. Katika mwaka wa 1875 Henry Stanley alileta mashua iliyochukuliwa vipande vipande na wapagazi toka pwani. Ikaungwa, ikatiwa majini karibu na Mwanza mwezi wa Machi, ikafuata ukingo wa ziwa hata ikarudi ilikotoka mwezi wa Mei. Ndipo ikawa yakini: Viktoria ni ziwa moja.

Siku ya Jumamosi

Mwalimu alipomaliza, hakuufuta mto uliochorwa ubaoni. Aliwaambia watoto, "Jumamosi tutakwenda kuutafuta mstari."

Siku hiyo wakaondoka alfajiri, wakaufuata mto toka kivuko cha kaskazini. Wakapita migombani, wakazunguka kilima, wakatokea kivuko cha mashariki. Yule mchoraji akafurahi, akasema, "Mwaona? Ni mmoja!" Lakini mbele kidogo mto uligeuka, ukaenda zake mashariki, wala haukuonekana kusini kamwe. Ilipasa wapande mgongo wa nchi kavu, washuke bondeni, ndipo walipoukuta mto mwingine, maji yake mekundu kwa udongo wa bonde lile, na juu yake daraja la gogo.

Jumatatu yule mvulana akaenda ubaoni bila kuitwa. Aliifuta nusu ya mstari wake kwa mkono wake mwenyewe, akachora mto wa pili. Kisha akampa chaki yule msichana mdogo, apate kuandika majina ya mito.

Basi mwenye kujifunza Historia, na mwenye kujifunza Jiografia, wote wawili wapewa alama chache zilizoshuhudiwa, nao hutamani kuziunganisha upesi. Si dhambi kuziunganisha. Lakini imempasa mtu kukumbuka ipi ni alama na upi ni mstari, kumwuliza aliyepita njia hiyo, na kuwa tayari kufuta. Wahenga walisema: Kuuliza si ujinga.

Maswali

1. Kwa nini Rebmann na Erhardt walidhani kwamba kuna ziwa moja tu?
2. Sheikh Snay bin Amir alimweleza Speke nini?
3. Eleza jinsi urefu wa maziwa juu ya bahari unavyoonyesha kwamba hayawezi kuwa maji mamoja.
4. Safari ya mashua ya mwaka wa 1875 ilikata mabishano gani?
5. Chora ramani ya njia utokayo nyumbani hata shuleni. Mahali ulipopaona kwa macho yako tia wino, na mahali ulipoambiwa tu tia kalamu ya risasi.