Vidokezo kwa anayetaka kusomea sera za umma akitokea Nyangamara

Walimu wa sekondari, maafisa ushirika, watendaji wa kata na vijana waliomaliza digrii wakarudi kijijini kulima ufuta huuliza swali moja: shahada ya pili ya sera za umma itanifaa nini mtu wa Mtama? Jibu langu ni kwamba itakufaa sana, na wewe utaifaa zaidi. Mikoa ya kusini imetungiwa sera nyingi kuliko ilizoshiriki kuzitunga. Aliyekulia Nyangamara, Mtama, mkoani Lindi, anayejua mikorosho inapuliziwa lini na nani anadaiwa na nani dukani, ana nusu ya utafiti mkononi kabla hajalipa hata ada ya maombi. Nusu iliyobaki ndiyo ya vidokezo hivi.

1. Anza na karatasi ya malipo ya korosho.

Mkulima akipeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, mzigo unapimwa, unapangwa daraja, unasafirishwa hadi ghala kuu, kisha unangoja mnada. Pesa ikiingia, huja na makato: ushuru wa halmashauri, fungu la chama cha msingi, fungu la chama kikuu (kwa Mtama ni Lindi Mwambao), usafirishaji, gharama za ghala. Ishike karatasi hiyo uisome mstari kwa mstari. Kila mstari una sheria au waraka uliouzaa, una kikao kilichoupitisha, una mtu anayenufaika nao na mtu anayeulalamikia. Ukichukua mstari mmoja tu ukaufuata kutoka kijijini hadi wizarani, tayari una tasnifu.

Kuna pia makato yasiyoandikwa pale. Korosho ghafi ikiuzwa nje ya nchi hutozwa ushuru wa asilimia 15 ya thamani yake au dola 160 kwa tani, kutegemea ipi kubwa. Anayelipa ni mnunuzi, lakini mnunuzi huyo huyo huupigia hesabu kabla hajataja bei mnadani. Sheria ya Tasnia ya Korosho ya mwaka 2009 ilitaka asilimia 65 ya ushuru huo irudi kuendeleza zao. Mwaka 2018 Bunge lilibadilisha utaratibu na fedha zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali, baada ya mjadala mkali ambamo wabunge wa kusini walisimama mmoja baada ya mwingine kuyapinga mabadiliko hayo. Tangu siku hiyo, nani amelipia salfa? Nani amelipia miche? Hapo pana kazi ya watafiti wengi.

2. Chuo kikufae ulivyo.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya uzamili ya utafiti na sera za umma, inayofundishwa kwa mtaala ulioandaliwa pamoja na vyuo vingine vya Afrika chini ya PASGR, taasisi yenye makao yake Nairobi. Ukitaka kuwa mtafiti hasa, itazame hiyo kwanza. Mzumbe ina mizizi mirefu zaidi katika utawala: ilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa, na watumishi wengi wa halmashauri wamepita pale. Dodoma inakuweka karibu na Bunge na wizara. Chuo Kikuu Huria kina vituo mikoani, Lindi ikiwemo, na kwa mwalimu mwenye vipindi 20 kwa wiki hilo si jambo dogo.

Kwa kawaida utahitaji wastani wa 2.7 katika shahada ya kwanza. Kabla ya kuomba, mwandikie barua pepe mhadhiri mmoja ambaye kazi yake umeisoma. Mweleze swali lako kwa aya mbili. Msimamizi anayelipenda swali lako ana thamani kubwa kuliko jina la chuo.

3. Swali liwe dogo kiasi cha kuingia ghalani.

“Athari za sera ya kilimo katika maendeleo ya Tanzania” ni kichwa cha kitabu cha mtu aliyestaafu. Wewe una miezi michache na nauli ya kukopa.

Jaribu hili: kwa nini mkulima anayejua fika bei ya mnada anauza kangomba mwezi Septemba? Kangomba haramu, kila mtu anajua. Mnunuzi anakuja na kipimo chake au na pesa ya mapema, anachukua korosho ambazo bado ziko mtini kwa bei ya chini sana. Ofisini utaambiwa mkulima hana elimu. Ukikaa naye utasikia mengine: mtoto amechaguliwa kidato cha tano na godoro halijanunuliwa, mama amelazwa hospitali ya Nyangao, na malipo ya mnada yatafika benki baada ya wiki kadhaa. Hapo swali limegeuka. Limekuwa swali la mkopo na la muda, na sera ya kukamata watu barabarani haitalijibu. Mfumo huu wa kuuza kupitia ghala na mnada, yaani stakabadhi ghalani, umesimama juu ya sheria ya mwaka 2005, na kwenye korosho ulianza kutumika msimu wa 2007/08. Miaka yote hiyo kangomba haijafa. Jambo lisilokufa kwa muda mrefu hivyo lina sababu, na sababu hiyo ndiyo unayokwenda kuitafuta.

4. Hansard isomwe kama unavyosoma ujumbe wa simu.

Hansard, yaani taarifa za mijadala ya Bunge, zipo kwenye tovuti ya Bunge, bure, kwa Kiswahili. Humo utamkuta waziri akiahidi, mbunge akibisha, na takwimu zikitajwa kabla hazijapigwa msasa. Soma sheria yenyewe pia, usitosheke na habari zake magazetini. Kisha omba mihtasari ya baraza la madiwani. Wanafunzi wengi huiruka, na ndiko sera inakoshuka mpaka kwenye kata.

5. Jua kilichowapata waliotangulia.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, katika maeneo matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walilenga zaidi ya ekari milioni 3. Ujumbe uliopendekeza mradi huo ulizunguka kwa wiki chache tu, sehemu kubwa ikiwa angani ndani ya ndege. Bandari ikajengwa Mtwara, reli ikalazwa hadi Nachingwea. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mradi ukafungwa, hasara ikiwa takriban pauni milioni 36. Udongo uliokauka ukawa mgumu na kuvunja mashine, mvua haikuja walivyoipangia, na wenyeji waliojua hayo yote hawakuulizwa. Reli nayo baadaye ikang'olewa.

Kisha linganisha na Tume ya Rais ya Uchunguzi wa Masuala ya Ardhi, iliyoundwa mwaka 1991 chini ya Profesa Issa Shivji. Tume ile ilikwenda vijijini, ikaitisha mikutano ya hadhara, ikasikiliza watu wakilalamikia mipaka iliyovurugwa na uhamisho wa operesheni vijiji. Si kila pendekezo lake lilikubaliwa, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatofautiana nayo katika mambo ya msingi. Lakini ripoti yake bado inasomwa, kwa kuwa sauti za watu zimo ndani. Mimi humshauri kila anayeanza aisome kabla hajaandika dodoso lake la kwanza.

6. Barua, barua, barua.

Utafiti bila kibali hufia kwa mtendaji wa kijiji. Utaratibu ni wa ngazi: barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Lindi mjini; kutoka pale unashuka wilayani na kwa mkurugenzi wa halmashauri, Mtama; kisha mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, na mwenyekiti wa kijiji. Toa nakala za kutosha, kila ofisi itabaki na yake. Ukiwa unasoma chuo cha nje ya nchi, kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kianze kushughulikiwa mapema sana.

Usimruke mwenyekiti wa kijiji hata kama mmekua pamoja. Hasa kama mmekua pamoja.

7. Fuata kalenda ya mashamba.

Korosho zikianza kudondoka, kuanzia Oktoba hadi mwishoni mwa mwaka, watu wapo mikorosho­ni toka alfajiri. Ukitaka kuona mnada kwa macho, huo ndio wakati wako, lakini usitegemee mtu akukalie saa nzima mchana. Masika, barabara za ndani huwa za tope na pikipiki hupandisha nauli. Mwezi wa Ramadhani usiwaweke watu kwenye mahojiano jioni wakati wanahangaikia futari. Jando na unyago vikiwa vimepamba moto, kijiji kizima kina shughuli, nawe utaalikwa. Nenda, ila usitoe daftari.

Baada ya mauzo ya ufuta, mambo yakipoa kidogo, watu hukaa vibarazani. Hapo utapata mazungumzo yenye nyama.

8. Uliza kama mtoto wa watu.

Shikamoo kwanza, hata kama umevaa kitambulisho cha chuo shingoni. Ukikaribishwa mkekani, kaa mkekani. Mzee akianza na Kimwera, mwache amalize. Ukihitaji msaada tafuta mtu wa rika lake, si mjukuu wake ambaye atamfupishia maneno.

Usimwulize mtu “kipato chako cha mwaka ni kiasi gani?” Hakuna anayejua, na anayejua hatasema. Uliza gunia: mwaka jana ulipeleka gunia ngapi chamani, ngapi zilibaki, mnada wa kwanza ulilipwa lini. Hesabu utaifanya mwenyewe usiku. Wanawake waulize peke yao. Korosho huokotwa kwa sehemu kubwa na wao, lakini jina kwenye daftari la chama mara nyingi ni la mume, na mbele yake majibu hubadilika.

Sasa jambo zito. Aliyekusimulia kuhusu kangomba amekusimulia kosa. Novemba 2018 Serikali iliingia kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuzisomba, na timu za uhakiki zikapita kuangalia kama mwenye korosho ana shamba kweli. Watu hawajasahau. Kwa hiyo usiandike majina. Tumia namba, na ufunguo wa namba hizo usikae kwenye daftari unalotembea nalo. Kwenye kijiji kidogo, hata “mwalimu mstaafu mwenye mashine ya kusaga” ni jina tosha. Mwambie mtu kabla hujaanza kwamba anaweza kukataa, na akikataa mshukuru, kunywa chai yake, uondoke bila kununa.

9. Takwimu zisikutishe, wala zisikulevye.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 864,652 mkoani Lindi. Ya 2022 ilihesabu 1,194,028. Hilo ni ongezeko la karibu asilimia 38 kwa miaka 10. Mwanafunzi anayechukua idadi ya zahanati za leo na kuigawanya kwa watu wa 2012 atatuonyesha neema isiyokuwepo. Angalia kila mara namba ya juu na namba ya chini zinatoka mwaka gani. Angalia pia mipaka: halmashauri hugawanywa na kubadilishwa majina, na takwimu za iliyokuwa Lindi Vijijini huwezi kuzisoma kama za Mtama ya leo.

Jifunze programu moja ya takwimu vizuri badala ya tatu kwa kubabaisha. Pitia pia Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 pamoja na marekebisho ya 2018 na 2019, ujue unasimama wapi unapochapisha.

10. Vuka mpaka hadi Kilwa.

Kijiji kimoja hukuambia kilichotokea. Viwili huanza kukuambia kwa nini. Kilwa kuna vijiji vilivyotenga misitu yao kisheria na kuivuna kwa mpango wao wenyewe, kwa msaada wa shirika la uhifadhi wa mpingo. Mwaka 2009 msitu wa Kikole ulipata cheti cha kimataifa cha usimamizi wa misitu cha FSC, na mpingo wake ukaingia sokoni kijiji kikiwa ndicho muuzaji. Mwaka huo huo Elinor Ostrom wa Marekani alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kuonyesha kwamba watu wa kawaida wanaweza kutunza mali ya pamoja kwa kanuni zao, bila kungoja serikali au tajiri. Msome Ostrom, halafu panda basi ukawaulize wa Kikole kama aliyoyasema ni kweli, na kamati ya maliasili inalipwa nini kwa doria za usiku.

Kisha rudi na swali Nyangamara: chama cha msingi ni mali ya wanachama wake, na msitu wa kijiji ni mali ya wanakijiji. Kwa nini hesabu za kimoja husomwa hadharani zikaeleweka na za kingine huacha watu wakinong'ona?

11. Rudisha ulichochukua.

Tasnifu itaandikwa kwa Kiingereza na itakaa maktaba. Andika pia kurasa mbili za Kiswahili, herufi kubwa, bila majedwali. Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Mwombe mwenyekiti nafasi kwenye ajenda. Soma matokeo yako, halafu nyamaza usikilize. Utasahihishwa, na baadhi ya masahihisho yatakuwa bora kuliko sura yako ya nne, kwa hiyo fanya hivi kabla ya kutetea, wakati bado unaweza kuyaingiza. Nakala moja iache ofisi ya kijiji, moja kwa katibu wa chama, na moja mpelekee diwani siku chache kabla ya kikao cha bajeti.