Bendi za Benga Zilivyotoweka Baani

Mwajua kwamba benga ni nyatiti iliyohamia kwenye gitaa? Wanamuziki Wajaluo waligusa uzi mmoja mmoja, kama wazee wafanyavyo kwa nyatiti. Miaka ya 1960 na 1970 ilivuma kweli kweli. D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati, Tanzania, aliongoza Shirati Jazz hadi alipofariki mwaka 2006. Bendi zilipiga baani hadi usiku wa manane. Kisha zikaja kaseti za wizi, halafu kinanda cha umeme: mtu mmoja badala ya bendi nzima! Mwenye baa angekataaje? Hapa Remba twasikia spika tu. Mjomba wangu, aliyepiga besi, sasa anavua omena. Gitaa lake halina nyuzi. Huniambia, "Mpwa wangu, lete nyuzi nikufundishe."