Amri ya Saba: Mavuno ni ya Nani?

Amri ya saba yatuagiza: Usiibe. Wengi hudhani kwamba mwizi ni yule tu aingiaye usiku shambani mwa mwenzake. Lakini kuna wizi utendekao mchana kweupe, wakati wa kugawana mavuno.

MFANO. Karibu na Kolwezi, mtu asiye na shamba apatana na jirani yake: huyu atoa ardhi, yule atoa jasho, na mavuno yagawanywe nusu kwa nusu. Mahindi yapandwa mvua zianzapo, mwezi wa Novemba. Mwezi wa Februari chakula chaisha, na mlimaji akopa kwa mwenye shamba magunia 2. Mwezi wa Mei yavunwa magunia 12. Mwenye shamba asema, “Wewe una deni langu, yote ni yangu.” Lakini mlimaji, kwa kuogopa neno hilo, amekwisha kuficha magunia 2 porini. Nani amekosa? Wote wawili.

MAELEZO. Fungu ni neno moja, deni ni neno jingine; yasichanganywe. Kwanza fungu: kila mmoja apata magunia 6. Kisha deni: mlimaji atoa 2 katika 6 yake, abaki na 4. Mwenye shamba apata 8. Akitwaa hata moja zaidi, aiba. Mlimaji akificha hata moja, naye aiba.

Yosefu huko Misri alipanga fungu wakati wa njaa kuu: sehemu ya tano kwa Farao, sehemu nne kwa walimaji, wapate mbegu na chakula cha watoto (Mwa. 47, 24). Nao walikuwa wamekwisha kuuza ardhi yao! Tena Torati yakataza kutwaa jiwe la kusagia kuwa rehani, maana ni kutwaa uhai wa mtu (Kumb. 24, 6).

MASWALI

1. Mlimaji akifukuzwa kabla ya kuvuna, apoteza yote?
Hapana. Aachiwe avune fungu lake, ama alipwe. Papa Leo XIII alifundisha mwaka 1891 kwamba matunda ya kazi ni haki yake aliyeifanya.

2. Mgodi ukitwaa shamba, fidia ni ya nani?
Kwa sheria ya mwaka 1973, ardhi ya Kongo ni mali ya Serikali. Watu wana haki ya kuitumia. Sheria ya migodi ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, yamwagiza mwenye mgodi kuwalipa wanaonyimwa matumizi ya ardhi. Basi fidia ya mimea isiliwe na mmoja. Haki yataka igawanywe kama mavuno yenyewe yalivyopatanwa.

3. Mvua zikikosekana, deni lafutika?
Halifutiki, lakini mwenye kudai angoje. Akumbuke mtumishi aliyesamehewa deni kubwa, akamkaba koo mwenzake kwa deni dogo (Mt. 18, 28).

KUSUDI. Kabla ya kupanda, wapatane mbele ya mashahidi wawili: fungu ni ngapi, mbegu ni ya nani, mkopo ni kiasi gani, kipimo ni kipi. Siku ya mavuno wahesabu pamoja, kwa kipimo kilekile.

Mkatekumeni aliyetwaa cha mwenzake arudishe kabla ya siku ya ubatizo wake. Kujuta huku gunia la jirani li ghalani mwako si kujuta.