Daftari la Wateja Si la Kuombea Kura

SWALI: Shangazi, mimi ni wakala wa miamala ya simu hapa Mwanjelwa, Mbeya. Rafiki yangu tangu chuo yuko Iringa, anasuka vikapu vya milulu, na ameingia kwenye shindano ambalo mshindi wake hupatikana kwa kura za mtandaoni. Nimeshatuma kiungo kwenye kundi la kikoba na la kwaya. Sasa anataka nichukue namba za wateja kwenye daftari langu nizitumie kupiga kura, kisha mteja akija kutoa hela anisomee namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yake. Nimesita, naye amenuna. Anasema ingekuwa mimi, angenipigia debe mpaka Tunduma. Nifanyeje?

JIBU: 

Mwanangu, kumpigia debe rafiki si kosa. Ulipotuma kiungo kikobani, asiyetaka alikipita tu. Daftari ni habari nyingine. Mteja alikuachia namba ili muamala wake uandikwe, basi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na haitaki taarifa zilizochukuliwa kwa kazi moja zihamishiwe nyingine kiholela. Siku mteja akija juu, atakuja kibandani kwako, si Iringa.

Kinachonitisha zaidi ni hiyo namba ya uthibitisho. Kila siku tunawaonya wazazi wetu wasimsomee mtu namba inayoingia kwenye simu, hata akijitambulisha kuwa ni wa kampuni ya simu. Matapeli wanakula kwa namba hizo. Sasa wewe, wakala anayeaminiwa, umzoeze mama wa Uyole kuzisoma kwa sauti dirishani? Akipigiwa na tapeli wiki ijayo atasoma vilevile. Tena huyo mama anakusubiri umpe hela yake; atakukataliaje?

Kununa kwa rafiki yako nakuelewa. Mashindano ya kura humfanya mtu ahesabu marafiki zake asubuhi na jioni. Ila kura za kikoba na kwaya zina kikomo. Mwaka 2014 Mtanzania mwenzetu Idris Sultan alishinda shindano la Big Brother Africa na dola 300,000 za Marekani. Kule kura za Watanzania, hata zingekuwa nyingi vipi, zilihesabiwa kuwa kura moja ya nchi. Ilibidi apendwe na watu wa nchi nyingine wasiojua kwao wala ukoo wake.

Basi naye atafute wasiomjua. Mwambie akupakilie vikapu viwili vitatu kwenye basi la Mbeya. Vitundike kibandani, ubandike karatasi yenye jina lake na maelezo ya kupiga kura. Anayevutiwa apige mwenyewe kwa simu yake. Asiyevutiwa mhudumie aende zake. Na kikapu kikinunuliwa, mtumie hela siku hiyohiyo. Kwa maoni yangu mteja wa Mwanjelwa anayerudi kuulizia kikapu cha pili ana faida kuliko kura nyingi, kwa sababu shindano litakwisha na vikapu vitaendelea kusukwa.

Mpigie simu, usimwandikie meseji, maana maneno haya yakisomwa yanaonekana makali. Mwambie daftari halitoki. Akizidi kununa, mwache hadi matokeo yatoke.

Nanyi wasomaji: mkiombwa na yeyote, awe wakala au rafiki, mumsomee namba ya uthibitisho, kataeni.