Miche Mia Tatu: Somo Kuhusu Mtu Anayebadili Imani



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), ahali zake na masahaba zake wote.

Ndugu zangu katika imani, katika nchi zetu hizi si ajabu nyumba moja kuwa na Mkatoliki, Mpentekoste na Mwislamu, na wote wakala sahani moja. Baadhi yetu tumezaliwa Buyenzi hapa Bujumbura, au Biryogo kule Kigali, tukaisikia adhana kabla hatujajua kusema. Wengine wametamka shahada wakiwa chuoni, na wazazi wao bado hawajaambiwa. Na wapo, tusifichane, waliozaliwa Waislamu ambao siku hizi hawaonekani msikitini. Si kwamba ni wavivu. Wana maswali moyoni na hawajui wamuulize nani.

Somo la leo linawahusu wawili hawa: anayeingia na anayetikisika. Tutatazama safari za watu wawili wanaojulikana katika historia yetu, kisha tujiulize wajibu wetu kama jumuiya.

1. Salman al-Farisi (r.a): mtafutaji

Salman alizaliwa Uajemi, katika kijiji kilicho karibu na Isfahan. Baba yake alikuwa mkuu wa kijiji na alimpenda mno mwanawe. Dini yao ilikuwa ya kuabudu moto, na Salman mwenyewe ndiye aliyekabidhiwa kuuchunga usizimike. Siku moja alitumwa shambani, akapita kwenye kanisa na kuwasikia Wakristo wakisali. Ibada yao ikamvutia, akakaa pale hadi jua likazama. Baba yake alipopata habari, alimfunga minyororo.

Salman akatoroka na msafara hadi Sham. Huko alimtumikia askofu aliyewahimiza watu watoe sadaka, kisha akazificha mwenyewe. Alipokufa, Salman aliwaonyesha watu mitungi saba ya dhahabu na fedha. Hapa pana jambo kubwa. Salman angeweza kusema kuwa dini yote ni uongo, akarudi kwao. Hakufanya hivyo. Alikaa na kiongozi aliyefuata, mtu mchamungu, na huyo alipofariki akaenda Mosul, kisha Nasibin, kisha Ammuriyya, kila mwalimu akimwelekeza kwa mwingine. Wa mwisho alimwambia kuwa umekaribia wakati wa Nabii atakayehamia nchi ya mitende. Akamtajia alama tatu: hali sadaka, anakula zawadi, na kati ya mabega yake ana muhuri wa utume.

Salman akafuatana na wafanyabiashara Waarabu. Wakamsaliti na kumuuza utumwani, akauzwa tena, mpaka akafika Madina. Alikuwa juu ya mtende wa bwana wake aliposikia kuwa kuna mtu amewasili Quba anayesema ni Nabii.

Tazama alivyofanya. Hakutamka shahada siku ile. Alipeleka chakula akasema ni sadaka. Mtume (s.a.w) akawaambia masahaba wale, yeye mwenyewe asile. Safari nyingine akapeleka chakula akasema ni zawadi, na Mtume akala pamoja nao. Mara ya tatu alimkuta Baqii, kwenye mazishi, akazunguka nyuma yake akitafuta ile alama. Mtume akatambua anachokitafuta. Hakumkemea. Aliteremsha shuka yake mgongoni ili Salman aone. Salman akaangua kilio, na Mtume akamketisha asimulie habari yake, akapenda masahaba nao waisikie.

Ndugu msomaji, Mtume wa Allah alikubali kuchunguzwa. Basi sisi ni nani hata tukasirike mwenzetu akiuliza?

2. Imam al-Ghazali: aliyezaliwa ndani

Wako wanaosema shaka ni ya wageni, na aliyezaliwa katika Uislamu hana udhuru wa kuuliza. Imam Abu Hamid al-Ghazali alizaliwa Tus mwaka 1058, katika nyumba ya Kiislamu. Mwaka 1091 aliteuliwa kufundisha katika Madrasa ya Nidhamiyya huko Baghdad, cheo ambacho wanazuoni wengi walikitamani.

Katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dalal ameeleza mwenyewe kuwa tangu ujana aliona jambo lililomsumbua: watoto wa Wakristo hukua wakiwa Wakristo, wa Mayahudi wakawa Mayahudi, na wa Waislamu wakawa Waislamu. Akajiuliza ni kipi katika imani yake anakijua kweli, na ni kipi amekirithi tu. Swali hilo lilimfikisha pagumu. Kwa karibu miezi miwili alishindwa kuamini hata anachokiona kwa macho na anachokipima kwa akili. Aliita hali hiyo ugonjwa, na akasema hakupona kwa kupanga hoja bali kwa nuru ambayo Allah aliitia moyoni mwake.

Baadaye, mwaka 1095, akapatwa na mtihani mwingine. Safari hii hakuwa na shaka juu ya Allah. Alikuwa na shaka juu ya nia yake mwenyewe: je, anafundisha kwa ajili ya Allah au kwa ajili ya sifa? Ulimi ukafungika asiweze kusomesha, chakula kikawa hakipiti. Akaacha cheo, akaondoka Baghdad, akaishi miaka mingi katika safari, upweke na ibada kabla ya kurudi kufundisha.

Leo tunamwita Hujjatul-Islam. Lau angeishi bwenini kwetu katika ile miezi miwili, huenda tungemwita majina mengine.

3. Mafunzo

Kwanza, imani haisukumwi kwa nguvu. Aya ya 256 ya Suratul-Baqara imekataza kulazimishana katika dini, na aya ya 99 ya Surat Yunus inamkumbusha hata Mtume (s.a.w) kuwa si kazi yake kuwatenza watu nguvu waamini.

Pili, swali si ukafiri. Katika Suratul-Baqara, aya ya 260, Nabii Ibrahim (a.s) anamwomba Mola wake amwonyeshe anavyohuisha wafu, naye akasema anaamini, ila anataka moyo wake utulie. Masahaba nao walimwendea Mtume (s.a.w) wakilalamikia mawazo ambayo waliona vibaya hata kuyatamka. Hakuwafukuza, aliihesabu ile huzuni yao kuwa ni dalili ya imani.

Tatu, mwenendo wetu ni ushahidi. Yule askofu wa Sham alikuwa karibu kuifunga njia ya Salman kwa tamaa yake, na yule mchamungu aliyemfuata akaifungua. Huko Rwanda mwaka 1994 walikuwepo Waislamu waliowaficha majirani zao wasiuawe, na baadaye wapo watu walioingia Uislamu kwa sababu ya waliyoyaona. Walivutwa na mlango uliofunguliwa usiku.

Nne, shahada ni mwanzo tu. Salman alisilimu akiwa bado mtumwa, na utumwa ulimkosesha Badr na Uhud. Mtume (s.a.w) akamwambia aandikiane na bwana wake mkataba wa kujikomboa. Bei ilikuwa miche mia tatu ya mitende na wakia arobaini za dhahabu. Mtume akawaambia masahaba wamsaidie ndugu yao. Huyu akaleta miche thelathini, huyu ishirini, huyu kumi na tano, huyu kumi, kila mtu kwa uwezo wake, mpaka ikatimia mia tatu. Wakachimba mashimo pamoja naye, na Mtume akaipanda kwa mkono wake. Dhahabu nayo ikapatikana. Salman akawa huru, na mwaka 627, katika vita vya Khandaq, yeye ndiye aliyetoa shauri la kuchimba handaki lililoukinga mji wa Madina.

Sasa tujipime. Ndugu anapotamka shahada msikitini, takbir husikika hadi barabarani na picha hupigwa. Wiki tatu baadaye, baba yake anapokata karo na mama anapomwambia asirudi likizo, ni wangapi wetu tunajua anakula wapi? Dada aliyeanza kujifunza kusali, nani anakaa naye baada ya Isha kumsahihishia Fatiha bila kumcheka? Na yule aliyeacha kuja darsani kwa ajili ya maswali yake, nani amemtembelea bila kwenda na fatwa mkononi?

Si lazima mtu mmoja alete miche mia tatu. Lete kumi. Lete mmoja, lakini shika na jembe.

Maswali ya kujadili katika darsa

1. Kwa nini Salman hakuikata safari yake baada ya kugundua hiana ya yule askofu?
2. Kuna tofauti gani kati ya shaka mbili zilizompata Imam al-Ghazali? Ipi unaiona zaidi katika maisha ya chuo?
3. Jumuiya yetu ifanye nini katika miezi mitatu ya kwanza ya ndugu aliyesilimu? Andikeni mambo matatu yanayowezekana, na jina la atakayesimamia kila jambo.

Ewe Mola mwenye kuzigeuza nyoyo, zithibitishe nyoyo zetu katika dini yako, na utujaalie tuwe sababu ya wenzetu kukukaribia, wala tusiwe sababu ya kukukimbia. Amin.

Wabillahi tawfiq.