Kesi Hii Haina Mzee wa Kuimaliza

Shangazi, naishi Mwabungo, Pwani ya Kusini. Binti wa jirani yangu, mwenye miaka 13, ameharibiwa na mtu mzima wa ukoo wao. Wazee walikaa, wakamtoza pesa, wakasema yameisha. Mamake mtoto analia kwa siri, amekatazwa kusema. Nataka kupiga ripoti lakini mume wangu asema nitatutia uhasama na kijiji kizima. Nifanyeje?
Jirani Mwenye Hofu

Mwanangu, piga ripoti, tena leo. Nambari 116 ya Childline Kenya ni ya bure na hupokelewa usiku na mchana. Eleza unalolijua na uwaombe wakufichie jina. Mtoto naye apelekwe Hospitali ya Msambweni bila kungoja polisi, kwani dawa za kuzuia virusi vya ukimwi huanzwa ndani ya saa 72. Huenda saa hizo zimeshapita. Apelekwe vivyo hivyo, maana kuna mimba na maradhi ya kuangaliwa, na atakayoyaandika daktari yatafika mahakamani. Nguo alizovaa siku ile, ikiwa hazijafuliwa, zisifuliwe. Zitiwe kwenye mfuko wa karatasi.

Sasa tuje kwa wazee. Heshima yao siipingi. Msitu wa Kaya Kinondo, hapo karibu nanyi, usingefika 2008 ukaingia katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na kaya nyingine, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, kama wazee hawakuulinda. Mpaka wa shamba na ugomvi wa mahari ni kazi yao, na huimaliza kwa gharama ndogo kuliko korti. Unajisi si kazi yao. Kwa Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006, anayemnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15 anafungwa miaka isiyopungua 20, na kesi hiyo ni ya Jamhuri, si ya baba wa mtoto, sembuse baraza. Anayepokea mali ili afiche kosa kubwa kama hilo anavunja sheria yeye mwenyewe. Najua watasema fidia angalau huifaa familia, ilhali jela haimpi mtoto hata shilingi. Lakini tazama fidia inavyofanya kazi: mkosaji analipa, anabaki mtaa ule ule, anapita mlango ule ule, na kila mtu amejua bei. Mtoto wa pili ameshawekwa hatarini kabla pesa za wa kwanza hazijaisha.

Huku Pwani ya Kusini tumezoea kumtafuta mkosaji kwenye hoteli za watalii za Diani. Wapo huko, sikatai. Hata hivyo utafiti wa UNICEF na serikali wa 2006 kuhusu watoto wanaotumiwa kingono Pwani ulikuta kwamba kundi kubwa zaidi la wanaowanunua, kama asilimia 38, ni Wakenya wenyewe, mbele ya Waitaliano na Wajerumani. Mgeni tunamnyooshea kidole kwa urahisi kwa sababu hatuli naye sahani moja. Wa ukoo ndiye anayetufunga midomo.

Ndiyo maana hofu ya mumeo ni ya kweli, na sitamwita mwoga. Mama mmoja akiripoti peke yake, kijiji kinamjadili yeye badala ya mkosaji. Dawa ni kuhakikisha hakuna anayeripoti peke yake. Chama chenu cha akina mama, ustadhi wa madrasa, walimu, na vijana wa bodaboda, ambao huona nani anambeba mtoto wa nani saa ngapi, wakubaliane mapema, kabla ya tukio lolote, nani atapiga simu, nani atampeleka mtoto hospitali, nauli itatoka wapi. Likitokea jambo, lawama inagawanywa kwa watu ishirini na haimwangukii yeyote. Na wavulana wasisahauliwe. Nao huharibiwa, na aibu huwanyamazisha zaidi.

Utaniuliza, je, mtu akisingiziwa? Hutokea. Ila wewe huhukumu. Unapeleka habari kwa wanaochunguza, na daktari na hakimu wana njia za kupima ambazo baraza halina. Na polisi wakihongwa? Hilo nalo hutokea, nisikudanganye. Basi mkienda polisi, usiondoke kituoni bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, ombeni nakala ya fomu ya hospitali, na afisa wa watoto apewe habari hiyo hiyo siku hiyo hiyo. Faili iliyo mikononi mwa ofisi tatu ni ngumu kupotea.

Kwa mamake mtoto usiende na lawama. Ameshalaumiwa vya kutosha. Mwambie mtoto hana kosa, na kwamba utafuatana nao Msambweni. Mumeo akikubali, awasindikize.